Kengele Ikilia, Nani Anaenda Kutazama?

Likizo iliyopita nilipiga yowe la mwizi mahali ambapo hapakuwa na mwizi, na kijana mmoja wa kidato cha tano akashonwa nyuzi tisa kichwani. Hakuna aliyenituma kuandika haya. Naandika kwa sababu tangu turudi chuoni nimeshasikia king'ora kikilia usiku kwenye mageto ya huku nje mara tatu, na mara zote tatu nimejikuta nimesimama katikati ya chumba, mikono inatetemeka, nasikiliza kama kuna mtu anapigwa. Wenzangu chumbani wanaendelea kukoroma. Ndiyo hali yenyewe ninayotaka kuizungumzia: wengine tunatetemeka, wengine wanakoroma, na hakuna anayekwenda kutazama.

Nyumbani ni Mshangano, Songea. Nakaa kwa baba mkubwa, mwalimu mstaafu, pamoja na mama mkubwa, bibi, na wadogo zangu wawili. Anayeifahamu Mshangano ya miaka ya nyuma atakumbuka mashamba ya mahindi na nyumba zimekaa mbalimbali. Sasa hivi mashamba yamekatwa viwanja, na kila anayejenga anaanza na ukuta. Zamani mama mkubwa alikuwa anaongea na jirani juu ya michongoma huku kila mmoja anachambua mboga zake. Siku hizi anampigia simu. Na ukuta una jambo lake la ajabu: ukishajenga, unaanza kujiuliza utalindwa na nini.

Baba mkubwa akanunua alamu. Fundi alikuja mchana, akafunga kila kitu ndani ya masaa matatu. Kisanduku kikuu kwenye korido, sumaku kwenye milango miwili, vihisio vinne, viwili ndani na viwili nje chini ya paa, king'ora juu ya geti, na laini ya simu ya kumpigia baba mkubwa kukiwa na tatizo. Yeye vihisio alikuwa anaviita "sensa". Bibi aliposikia sensa inafungwa sebuleni akauliza kama serikali imekuja kutuhesabu tena, maana ya 2022 alishahesabiwa. Tulicheka sana siku ile. Fundi akapita mbele ya kihisio, king'ora kikalia hadi kuku wakakimbia, tukapiga makofi, akalipwa, akaondoka.

Hakuna aliyemuuliza swali la pili. Tumeona kwamba mtu akipita inalia. Je, mtu asipopita, itanyamaza?

Jibu lilikuja na mvua za kwanza za Desemba. Mnajua mvua ya kwanza inavyotoa kumbikumbi. Walitoka kwa maelfu, wakaifuata taa ya nje, na kihisio kilikuwa kimefungwa nusu mita kutoka kwenye taa. Saa mbili usiku king'ora kikapasua mtaa. Wanaume wanane walifika na tochi na mapanga, wakatukuta wadogo zangu wameshika mabeseni wanaokota kumbikumbi kwa raha zao. Baba mkubwa akaomba radhi, mama mkubwa akachemsha chai, watu wakakaa wakapiga soga. Kusema ukweli ulikuwa usiku mzuri.

Mara ya pili walikuja watano. Ilikuwa pazia la sebuleni, dirisha limeachwa wazi na upepo wa Songea si wa kubembeleza. Mara ya tatu ilikuwa LUKU. Units ziliisha usiku, mfumo ukahamia kwenye betri yake ndogo ya voti 12, betri nayo ilikuwa imechoka, na mfumo ukitafsiri kwamba umekatiwa umeme na mtu mbaya unapiga kelele. Walikuja wawili. Mara ya nne alikuja mzee wa nyumba ya mkono wa kushoto peke yake, hata geti hakusukuma. Akasema, "Mwalimu, ni ileile?" Baba mkubwa akajibu, "Ni ileile." "Haya, usiku mwema."

Baada ya hapo hakuja mtu.

Kama mambo yangeishia hapo ningesema ni kero tu, kama baa inayofungulia muziki hadi alfajiri. Lakini wiki ya kuelekea mwaka mpya king'ora chetu kililia usiku robo saa nzima, kama kilivyopangwa, na wakati kinalia watu walivunja genge la mama mmoja hapo jirani. Walibeba mtungi wa gesi, mchele, mafuta, na mzani. Alipoamka asubuhi akasema alisikia kishindo, akadhani ni mambo ya kwa mwalimu. Yaani wezi hawakuhitaji hata kunyata. Sisi tulikuwa tunawapigia ngoma.

Mtaa mzima ukawa na hasira, na hasira haikuwa na mtu wa kumshukia.

Sasa usiku wa Januari. Baba mkubwa na mama mkubwa walikuwa wamekwenda msibani Mbinga. Nilibaki mimi, bibi na watoto. Saa nne na nusu usiku king'ora kikalia. Tulishazoea, lakini kuzoea ukiwa na baba mkubwa ndani ni kitu kimoja na kuzoea ukiwa wewe ndiye mkubwa ni kingine. Nilisikia kitu kama hatua njiani, nyuma ya ukuta. Bibi akaniambia, "Piga kelele, mwanangu, watatuua." Nikafungua dirisha la chumbani, dirisha ambalo halitazami geti wala njia, linatazama ukuta wa choo, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Mwizi! Mwizi jamani!"

Nataka msomaji aelewe kitu hiki, kwa sababu ndicho kinachoninyima usingizi. Kwa king'ora peke yake hakuna ambaye angetoka kitandani. Walikuwa wameshakipuuza, na walikuwa na haki. Kilichowatoa ni sauti ya binadamu. Walisema, akipiga kelele yule binti basi ameona. Na mimi nilikuwa sijaona chochote. Mashine ilisema uongo, mimi nikaweka sahihi chini yake.

Huko njiani alikuwepo kijana anayepanga chumba mtaa wa chini, anatoka kwenye prepo, begi mgongoni. Aliposikia yowe alifanya ambacho ningefanya mimi na wewe: alikimbia. Nchi hii mtu anayekimbia usiku baada ya yowe ameshahukumiwa. Walimkamata kwenye mtaro. Alikuwa anasema "mimi mwanafunzi, mimi mwanafunzi," na nilimsikia kwa masikio yangu kutoka dirishani, na bado niliendelea kujiambia kwamba wezi wote husema hivyo.

Aliyemwokoa ni yule mama wa genge, mwenye mtungi wake ulioibiwa. Alifika na tochi, akammulika usoni, akajitupa katikati akipiga kelele, "Huyu ananunua mihogo kwangu kila siku!" Mwenyekiti wa mtaa alifika dakika chache baadaye, ikatafutwa bodaboda, ikatafutwa PF3, akapelekwa hospitali. Nyuzi tisa, na jino moja limevunjika.

Asubuhi alikuja fundi mwingine, mtu mzima. Akapanda ngazi, akafungua kile kihisio cha nje, akaniita nije kuona. Ndani ya mfuniko kulikuwa na utando wa buibui, na nyuma yake mjusi kafiri alikuwa amefanya makazi. Fundi akanishushia mayai mawili meupe kiganjani, kila moja dogo kama harage.

Yule mzee alinieleza kazi ya kile kidude kwa lugha ambayo ningetamani wahadhiri wetu wa fizikia waisikie. Kila kiumbe kinatoa joto ambalo macho hayalioni. Kihisio kinaugawa uwanja vipande, kama mtu anayechungulia kwenye upenyo wa vidole. Joto likihama kutoka kipande hiki kwenda kile, kinasema: kuna kitu. Hakijui kama ni mtu. Mjusi akipita sentimita moja mbele ya kioo chake anaonekana mkubwa kama mwanaume akipita mbali. Pazia lililopigwa na jua kisha likapeperushwa na upepo nalo linakidanganya, paka vilevile. Kwa hiyo hakitakiwi kutazama dirisha wala kukaa karibu na taa, kinatakiwa kufutwa kwa kitambaa kikavu angalau mara moja kwa mwezi, na tundu la kupitishia nyaya lizibwe ili wadudu wasiingie. Ndani yake kuna kipini kidogo cha kuamua kilie kikihisi mara moja au kisubiri kihisi mara mbili tatu mfululizo. Chetu kilikuwa kimeachwa kwenye mara moja. Betri ilitakiwa kupimwa, haikupimwa. Laini ya simu iliyotakiwa kumpigia baba mkubwa ilikuwa haina salio tangu Desemba.

Mambo yote hayo yangechukua nusu saa. Gharama yake ni kitambaa, silikoni kidogo na vocha. Ndiyo maana mtu akiniambia ile ilikuwa ajali namkatalia. Ajali ni kitu ambacho usingeweza kukizuia kwa kitambaa.

Lakini tusiiangushie mashine mzigo wote, maana mashine hata ikifungwa na fundi bora siku moja italia bure. Marekani, ambako wana alamu kuliko sisi tulivyo na majiko ya mkaa, mwongozo mmoja ulioandikwa kwa ajili ya polisi mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikadiria kwamba kati ya miito 100 ya alamu za wizi ambayo polisi huitikia, 94 hadi 98 ni ya uongo. Mji wa Salt Lake City uliamua Desemba 2000 kwamba polisi hawatakimbilia kengele ya nyumba hadi mtu, kwa kawaida mlinzi wa kampuni binafsi, afike kwanza na kuthibitisha kuna jambo. Miito ya alamu kwa polisi ikapungua kwa takriban asilimia 90. Uingereza nako nyumba ikiwaita polisi bure mara tatu ndani ya miezi 12, inaweza kuondolewa kwenye orodha ya zinazokimbiliwa haraka mpaka ijirekebishe. Wenzetu hawakusubiri mashine iwe kamilifu. Walichofanya ni kumweka mtu wa kutazama kati ya kelele na nguvu.

Kwetu Mshangano tumechukua kelele, tumeacha mtu wa kutazama. Na tofauti yetu na wao ni kwamba huko kengele ya uongo inapoteza mafuta ya gari la polisi. Hapa inaweza kupoteza mtu. Kila mwaka ripoti ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu inazungumzia watu waliouawa na umati, na kila wiki magazeti yanatuandikia kuhusu "wananchi wenye hasira kali". Mimi siku hizi nikisoma maneno hayo nacheka kwa uchungu. Utadhani ni kabila fulani linaloishi mbali. Wale wa kwetu nawafahamu, angalau watatu. Ni watu wazuri. Mmoja ndiye aliyetusaidia kuchimba choo. Na wa nne ni mimi, niliyekuwa dirishani.

Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilipewa darasa la tatu, nikawasimulia ile hadithi ya mchungaji mwongo aliyewaita wanakijiji mara mbili bure, na chui alipokuja kweli hawakutoka. Nilimaliza kama tulivyofundishwa, nikawauliza watoto tunajifunza nini, wakajibu kwa pamoja kwamba uongo ni mbaya. Halafu kasichana kamoja ka mbele kakauliza: "Mwalimu, mara ya tatu walijuaje kama anadanganya?" Nilimjibu kitu cha haraka ili kipindi kiishe. Jibu la kweli ni kwamba hawakujua. Walikuwa wamechoka tu, wakauchukua uchovu wao kama ushahidi. Sisi Mshangano tulifanya hivyo kwenye genge la yule mama, kisha wiki chache baadaye tukafanya kinyume chake kwa yule kijana: tukachukua hasira kama ushahidi. Usiku wote wawili hakuna aliyetazama.

Mwenzangu chumbani anatoka Shinyanga, na nilipomsimulia haya alinishangaa. Kwao kuna mwano, ule ukelele wa hatari ambao sungusungu waliutegemea walipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe. Babu yake alikuwa mmoja wao. Kwa maelezo aliyopewa na babu, asiyetoka anaposikia mwano anatozwa faini, sawa, lakini aliyeupiga naye anasimama mbele ya watu kesho yake aeleze aliona nini. Akisema "nilidhani", naye analipa. Sisemi sungusungu walikuwa malaika, kuna watu waliteswa mikononi mwao na hilo halifichiki, hata baada ya sheria ya mwaka 1989 kuwatambua na kuwapa mamlaka ya kukamata. Ninachokitaka kutoka kwao ni kitu kimoja: yowe lilikuwa na mwenyewe. Lilikuwa na jina na kesho yake lilikuwa na kikao. King'ora cha kisasa kinalia robo saa, kinazima, na asubuhi mwenye nyumba anatoka na gari hata jirani hamsalimii.

Nafahamu kuna msomaji, pengine dada mwenzangu anayepanga chumba peke yake huko nje ya chuo, ameshaanza kukasirika. Anasema: wewe unataka nitoke usiku kwenda kuchungulia mwizi nichomwe kisu? Hapana. Mimi si mjinga, na najua msimu wa bumu likitoka laptopu zinavyopotea. Weka alamu. Weka mbili. Kutazama si kutoka nje. Ni kuwasha taa, kuchungulia kwenye dirisha linalotazama geti na siyo ukuta wa choo, kumpigia jirani ambaye nyumba yake inaliona geti lako na kumuuliza anaona nini. Baada ya hapo unasema ulichokiona. Ukiona mtu anaruka ukuta, piga kelele "kuna mtu anaruka ukuta wangu". Ukiwa hujaona, sema "njooni mnisaidie kutazama". Watu watakuja vilevile. Watakuja na tochi. Neno "mwizi" ukishalitoa mdomoni watakuja na mawe, na halirudi.

Sheria yenyewe imesema hivyo kwa lugha yake. Raia wa kawaida anaruhusiwa kumkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake, kisha amkabidhi polisi bila kuchelewa. Mbele ya macho yake. Haikusema mbele ya masikio yake.

Na hapa chuoni? Hali yetu ni mbaya kuliko ya Mshangano, maana huku watu hawajuani. Kuna vile vialamu vya mlangoni vya bei ndogo ambavyo kila mtu ananunua sasa, upepo ukisukuma mlango vinalia. Kuna pikipiki zinazolia radi ikipiga. Kuna makundi ya WhatsApp ambako saa saba usiku mtu anaandika "mwizi yupo bloku ya pili" akiwa kitandani kwake, kwa sababu amesikia kwa mwingine ambaye naye alisikia. Muhula uliopita iliwekwa picha ya kijana, uso unaonekana kabisa, na maneno "mkimwona mshikeni". Kesho yake ikajulikana ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekosea mlango. Picha ilifutwa na hakuna aliyeandika samahani. Wote tuliiona, nami nikiwemo, na wengine tuliisambaza. Huyo bwana mdogo alikuwa na bahati kwamba hakuna aliyemkuta nje usiku ule.

Ninachoomba serikali yetu ya wanafunzi si semina. Semina tumeshashiba. Naomba mambo ambayo yanaweza kuanza wiki hii. Kila geto lenye wapangaji zaidi ya watano liwe na majina mawili yaliyobandikwa mlangoni ya watu wa kupigiwa kwanza alamu ikilia, wale ambao vyumba vyao vinaona geti. Anayefunga kifaa kinacholia awaambie majirani kinalia vipi, kwa muda gani, na namba yake ni ipi. Kikilia bure, asubuhi apite mlango kwa mlango aseme kilikuwa nini. Ndiyo, inaaibisha. Baba mkubwa alianza kufanya hivyo baada ya Januari, na kwa aibu ile ya siku ya kwanza tu alinunua betri mpya kabla ya saa sita mchana. Na kwenye makundi yetu, wasimamizi wawe wanauliza swali moja kabla ya jingine lolote: umeona mwenyewe? Asiyejibu, ujumbe ufutwe.

Naomba pia tuache mzaha wa kupiga 114. Jeshi la Zimamoto wamelalamika kuhusu simu za utani hadi wamechoka, na baadhi ya simu hizo, tuambizane ukweli, zinatoka kwenye vyumba vya watu wenye shahada njiani.

Pale nyumbani sasa vihisio vya nje vimesogezwa mbali na taa, kipini kimewekwa kwenye mara tatu, na mdogo wangu wa darasa la sita ndiye mwenye kitambaa kila Jumamosi. King'ora kimepunguziwa kutoka robo saa hadi dakika tatu. Mzee wa kushoto na mama wa genge wana namba zetu na sisi tuna zao, na wao ndio wanaoona geti. Pasaka kililia mara moja. Kabla sijafika dirishani simu iliita, ni mama wa genge: "Nimemulika, mwanangu, ni paka. Laleni."

Baba mkubwa aliporudi kutoka msibani hakunigombeza. Alinichukua tukaenda hospitali, akalipa kilichokuwa kinadaiwa, kisha tukamsubiri baba wa yule kijana aliyekuwa njiani kutoka Namtumbo kwa basi. Mzee alifika na mfuko wa ndizi na karanga za kumletea mwanawe. Baba mkubwa, mtu ambaye nimezoea kuona wengine wakimwamkia, alisimama akaanza yeye: "Shikamoo." Walikuwa wa rika moja. Yule mzee alikaa kimya muda mrefu kabla ya kuitikia.

Nilimwomba kijana msamaha. Alikuwa na bandeji hadi kwenye nyusi, anazungumza kwa shida kwa sababu ya jino. Akaniambia, "Dada, hata mimi ningekuwa ndani ningepiga kelele." Nilitamani anitukane.

Alirudi shule Februari. Njia ya kupita kwetu ndiyo fupi kwenda kwenye chumba chake. Siku hizi akitoka prepo anazunguka barabara ya juu.